Kabureta Mbili, Kinu Kimoja

Nauza vipuri vya magari kule Birere, mjini Goma, na ni miaka mingi sasa tangu mtu athubutu kuniambia kwamba hiyo si kazi ya mwanamke. Waliothubutu zamani nao huja kibandani kwangu kutafuta mpira wa pampu au mkanda wa feni, wananiita mama kwa sauti laini, nami nawahudumia kama wateja wengine. Sina kinyongo. Nina hasira za karibu, hilo nakubali. Zinapanda haraka na kushuka haraka, kama maziwa motoni. Nimezirithi kwa baba yangu, na habari hii inatuhusu sisi wawili, ingawa aliyetuokoa hakuwa mmoja wetu.

Baba ana pikapu ya zamani ya petroli, kongwe kuliko mimi. Pua yake ni ndefu kwa sababu injini ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaosubiri maji bombani. Kabureta yake ya asili ilikuwa imelika kabisa, na kwa miaka miwili gari lilikaa uani kwetu likitazama lango, kuku wakitaga kwenye kiti cha abiria. Kila asubuhi Baba alilifuta vumbi kwa kitambaa. Kila asubuhi Mama alilitazama kwa jicho la pembeni, maana hapo lilipokaa ndipo alipotaka kujenga jiko.

Hapakuwa na mahali pengine pa kujenga. Nyumba yetu imesimama juu ya lava kama nyumba nyingi za mtaa wetu. Volkano ilipomwaga moto wake na jiwe likapoa, watu walirudi, wakavunjavunja kwa nyundo palipovunjika, wakatandaza changarawe, wakajenga upya. Basi Mama alikuwa akipikia chini ya turubai lililofungwa kwenye miti mitatu, na mvua ya Goma haibishi hodi. Nimemwona akikoroga sombe, yaani kisamvu, mguu mmoja ndani ya maji, mkono mmoja umeshika turubai lisipeperuke, na mbabula yake, lile jiko la mkaa la bati, limetulia juu ya jiwe lilelile alilolisukuma chini yake tangu tuliporudi pale.

Siku moja mvua ilizima mkaa wake mara mbili kabla ya maharagwe kuiva. Mama aliingia ndani, akakaa mbele ya Baba, maji yakimchuruzika.

"Muzee," alisema, "Jumamosi ya wiki ijayo nakwenda Kibumba kuchukua mashu na birayi. Kama motokari yako itanipandisha mpaka kule na kunirudisha hapa, sitaisema tena mpaka Mungu anichukue. Ikishindwa, utaita mutu wa mbabula aikate vipande, nami nijenge jiko yangu."

Mtu wa mbabula ni yule anayenunua magari yaliyokufa, akakata mabati yake na kuyageuza majiko ya mkaa. Ana karakana yake upande wa Katindo, na tayari alikuwa amepita kwetu mara mbili kulisalimia lile gari. Ningekuwa mimi ningeomba mwezi mmoja. Baba akasema, "Nimekubali," na neno la baba yangu likishatoka halirudi, awe amelifikiria au hakulifikiria.

Kabichi na viazi vya Mama, basi, ndivyo vilivyotuwekea siku tisa.

Kwa bahati kibandani nilikuwa na kabureta tatu za aina moja, zilizofika kutoka Dar es Salaam ndani ya sanduku moja. Tatu zinazofanana ni jambo la kushukuru. Kwa kawaida napata moja ya huku na nyingine ya kule. Nilizibeba nyumbani nikazipanga mezani, nikiona nimemaliza kazi. Palepale ugomvi ukaanza, maana tulikuwa watu watatu na kila mmoja alikuwa na hesabu yake.

Wa tatu alikuwa fundi wetu, mtu wa Bukavu, Mkatoliki, mwembamba, mwenye rozari ndani ya ovaroli na utaratibu wa karani. Kila spana huirudisha mahali pake kabla ya kuchukua nyingine. Ukimharakisha anaanza upya.

"Ilitoka fabriki na moja," alisema. "Tuweke moja, tumalize."

"Moja ni ya kuendea sokoni," Baba alisema. "Weka yote tatu."

Mimi nilisema mbili, wakanitazama wote wawili kama mtu aliyeingilia mazungumzo ya wakubwa.

Sababu ya Baba niliijua tangu utotoni. Ujanani mwake aliendesha gari la mfanyabiashara mmoja wa kahawa, gari la kifahari lenye silinda sita na kabureta tatu, na hadi leo akilitaja hufunga macho. Anasema ukikanyaga mafuta lilikuwa linaimba. Hajawahi kumsifu Mama kwa maneno yale, na Mama anajua, na humkumbusha.

Sababu ya fundi nayo haikuwa mbaya. Kabureta moja ina matatizo ya moja. Lakini injini ndefu ni kama sinia refu la wali lililowekewa mchuzi katikati tu: walioketi katikati wanashiba, walioketi mwishoni wanakula mkavu. Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa na kuvigawia silinda, na ikiwa moja peke yake katikati, silinda ya kwanza na ya sita hazipati fungu lao. Nilifungua buji, zile zinazowasha moto ndani ya silinda, nikazipanga mezani kwa mpangilio wake. Za katikati zilikuwa nyeusi kwa kushiba. Za mwisho zilikuwa nyeupe kama chokaa.

"Njaa hiyo," nilimwambia fundi. "Kwenye tambarare itavumilika. Mlima wa Kibumba hauvumilii mwenye njaa."

Fundi alizitazama buji kwa muda mrefu, akazifuta moja moja, akakubali kwamba moja haitoshi. Nikabaki na Baba.

Baba hakutaka kusikia habari ya mbili. Alisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Nikamuuliza kama mafahali watatu ndio watakaa. Akasema sufuria haikai juu ya mafiga mawili, inataka matatu, na hata mtoto mdogo anajua hivyo. Nikamwambia injini si sufuria. Akasema mimi nauza vipande vya magari lakini sijawahi kusikia gari likiimba. Sauti zilipanda, maziwa yakafurika, jirani akachungulia juu ya ukuta kuona kama kuna msiba.

Mama alikuwa pembeni, anatwanga majani ya sombe. "Njoo unisaidie, weye," aliniambia, "kabla hujatobowa kichwa ya papa yako."

Nilichukua mchi wa pili nikasimama upande wa pili wa kinu. Tumetwanga pamoja tangu nilipoweza kuinua mchi: wake unashuka wangu ukiwa juu, wangu unashuka wake ukiwa juu. Mimi ni mtu wa kununa, lakini huwezi kununa unapotwanga na mama yako, mikono inakataa. Na katikati ya kutwanga nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekitazama miaka yote.

"Papa," niliita, "silinda zinawaka kwa mpangilio gani?"

Alijibu bila kufikiri, kama anayesoma sura aliyoihifadhi chuoni. "Moja, tano, tatu, sita, mbili, nne."

Nilichukua kipande cha mkaa, nikachora silinda sita ukutani na kuzigawa katikati: moja, mbili, tatu za mbele; nne, tano, sita za nyuma. Nikamwomba aseme tena, polepole. Moja, mbele. Tano, nyuma. Tatu, mbele. Sita, nyuma. Mbili, mbele. Nne, nyuma. Hazikosei hata mara moja. Kabureta mbili kwenye injini ile zingekuwa kama mimi na Mama kwenye kinu: mmoja anavuta pumzi, mwingine anapumzika, hakuna anayempokonya mwenzake. Kabureta tatu, kila moja na silinda mbili, hazina zamu hiyo. Moja inaitwa tena kabla haijapumzika, nyingine inasubiri mpaka inasahau.

Baba alitazama mchoro. Nilidhani nimeshinda.

"Kwetu Kasongo," alisema, "wanawake watatu wanatwanga kinu kimoja."

"Wanawake wa Kasongo," Mama alisema. "Hapa tuko wawili. Wa tatu ni nani?"

Sijui ni nini kilichomwingia. Baba yangu, mzee wa miaka sabini na ushee, mwenye kofia yake nyeupe ya msikitini, alikunja mikono ya kanzu, akachukua mchi wa akiba ulioegemezwa ukutani, akajipanga kati yetu. Mama alianza. Mimi nikafuata. Baba akapiga mchi wangu ubavuni, akapiga ukingo wa kinu, mara ya tatu majani yakaruka juu na kumwangukia begani na kwenye kofia. Fundi alicheka mpaka akakaa chini kwenye bampa. Mama alishindwa kusimama. Baba alijaribu mara nyingine mbili kwa uso wa mtu anayefanya kazi muhimu, kisha naye akaanza kucheka, na jirani juu ya ukuta akashangilia kama yuko uwanjani. Sikumbuki lini tulicheka hivyo nyumbani kwetu.

"Sawa," Baba alisema akijipangusa sombe shingoni. "Mbili. Lakini ile ya tatu usiuze." Akaichukua mezani akaenda kuificha kwenye sanduku la nguo zake, na mpaka leo iko humo.

Kazi ilikwenda kama harusi. Fundi alikata na kuchomelea bomba jipya lenye vinywa viwili, kimoja kikilisha silinda tatu za mbele, kingine tatu za nyuma. Mimi nilibadilisha jikleri, vile vijitundu vinavyopima petroli, nikaweka vidogo zaidi, kwa sababu Goma tuko juu na hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani zilikotoka kabureta. Fundi akapanga maboya ndani ya kila kabureta. Kila moja ina kikombe cha petroli na kidirisha kidogo cha kioo upande wa mbele, na petroli inatakiwa isimame katikati ya kidirisha, isizidi, isipungue. Alichungulia, akakunja waya wa boya kwa unywele, akachungulia tena. Alichukua asubuhi nzima.

Halafu tukasikiliza. Kabureta mbili lazima zipumue sawasawa, na sisi tunapima kwa mpira: ncha moja mdomoni mwa kabureta, ncha nyingine sikioni. Moja inasema fuuu, nyingine inasema fiii, unazungusha skrubu mpaka zote ziseme neno moja. Fundi alisikiliza, nikasikiliza, tukampa Baba mpira. Aliinama sikio likiwa kwenye mpira, jicho moja amelifumba, na tabasamu likamjia polepole kutoka pembe za mdomo. Injini ilikuwa inatwanga. Kuku walikimbia. Alipozima, Baba aliimba kasida nzima akifunga boneti, na kwa sauti yake hiyo ni adhabu kwa mtaa, lakini hakuna aliyemkataza.

Siku ya Alhamisi tulitoka kulijaribu, Baba kwenye usukani, mimi katikati, fundi mlangoni. Mjini gari lilikwenda vizuri. Munigi tulipita bila shida. Barabara ilipoanza kuinuka kuelekea Kibati, injini ilikohoa mara moja, mara mbili, ikaishiwa nguvu na kufa. Baba aliiwasha, ikaenda hatua kumi, ikafa tena. Vijana wa chukudu walikuwa wakiteremka kutoka Kibumba na zile baiskeli zao za mbao, kila mmoja na mlima wa kabichi mbele yake, na mmoja akapunguza mwendo.

"Papa, nikufunge kamba nikuvute?" aliuliza kwa heshima zote.

Tulirudi kinyumenyume mpaka mahali pa kugeuzia, tukaserereka kwenda mjini. Nilikuwa nasubiri Baba aseme kwamba alitaka tatu. Nilikuwa hata na jibu tayari. Hakusema. Hakusema neno lolote mpaka nyumbani, na hilo liliniogopesha kuliko matusi.

Ijumaa asubuhi tulifungua kila kitu upya, uani palepale. Petroli ilikuwa katikati ya kidirisha, kabureta zote mbili. Pumzi zilikuwa sawa. Tulipowasha, injini ilitwanga vizuri kama jana yake. Haikuwa na ugonjwa wowote wa kuonekana, na kitu kisicho na ugonjwa utakitibuje? Nilimwambia fundi kwamba bomba lake linavuja mahali. Akaniambia kwamba kabureta zangu ni za kuokotwa. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kuhusu Bukavu nzima na mafundi wake, na nimeshamwomba msamaha mara mbili. Aliirudisha kila spana mahali pake, akakaa kwenye ngazi na kushika rozari yake.

Baba alikwenda kuswali Ijumaa. Aliporudi hakututazama. Alifungua mlango wa pikapu, akaanza kutoa vitu vyake: mkeka wa kuswalia alioukunja nyuma ya kiti, tasbihi iliyoning'inia kwenye kioo, kile kitambaa cha kufutia vumbi. Alivipanga juu ya kibaraza kimoja kimoja. Nilielewa. Jumamosi ilikuwa kesho, na yeye alikuwa anamtayarishia mtu wa mbabula gari lake. Nililia, na sioni haya kusema, nikajifanya natafuta skrubu chini ya gari.

Kutoka chini ya gari niliona miguu ya Mama ikitoka chini ya turubai. Nilitoka nikijipangusa uso. Alikuwa amebeba beseni lililojaa maji pomoni, akitembea taratibu yasimwagike, akaja akalitua juu ya kifuniko cha injini, pale pabapa.

"Maji inakwenda wapi?" aliuliza.

Hatukumwelewa. Tulitazama beseni. Upande wa mbele, upande wa lango, maji yalikuwa yanamwagika. Upande wa nyuma ukingo ulikuwa mkavu, vidole viwili vikavu.

"Miaka yote naweka jiwe chini ya mbabula, upande wa lango," Mama alisema. "Mulifikiri ni mapambo?"

Uwanja wetu umeinama. Umeinama tangu siku lava ilipopoa ikiteremka kuelekea ziwani, na changarawe haikunyoosha kitu. Tumeishi juu yake muda mrefu hivi kwamba miguu yetu imejifunza, macho yetu yamejifunza. Kwetu sisi pale ni tambarare, na wageni ndio wanaoyumba. Ukimwaga maji yanakimbilia lango, na tunaona maji ndivyo yalivyo. Fundi mwenyewe anaishi juu ya lava upande wa pili wa mtaa. Gari lilikuwa limeinamisha pua kuelekea lango, petroli imekusanyika mbele ya vikombe, mbele penye kidirisha, nasi tukaona imejaa na kuipunguza. Tulipofika mlimani pua ikainuka, petroli kidogo tuliyobakiza ikakimbilia nyuma, na injini ikafa kwa kiu.

Fundi alisimama. "Bikira Maria," alisema chini kwa chini, kisha akakimbia kwake kuchukua mpira mwangavu wa waashi, ule unaotiwa maji kupimia kuta. Tuliinua magurudumu ya mbele, tukapanga mawe ya lava chini yake, maana mawe hatujawahi kukosa, mpaka maji ya mpira yakalingana mbele na nyuma. Gari lilionekana limeinua pua hewani. Tulibishana na macho yetu. Kisha fundi akachungulia kidirisha, na petroli haikuonekana kabisa.

Alikunja maboya upya. Baba alimshikia taa ya mkononi ingawa jua lilikuwa bado linawaka, na Mama akarudi kwenye maharagwe yake.

Jumamosi Mama alivaa kitenge chake cha sherehe, kana kwamba anakwenda kuposa. Alikaa kati ya Baba na mimi. Fundi alikaa nyuma juu ya magunia matupu. Mkeka ulikuwa umerudi nyuma ya kiti na tasbihi kwenye kioo. Baba alisema bismillahi, akawasha.

Tulikaribia ule mwinuko wa Kibati. Baba alirudisha gia ya pili. Nilihesabu kimoyomoyo, mbele, nyuma, mbele, nyuma, na niliona Mama naye anatikisa kidole gotini kwa mwendo uleule. Pikapu ilipanda. Haikukohoa hata mara moja. Ilipanda kama ng'ombe anayerudi nyumbani, bila haraka na bila kusimama, na upepo wa baridi wa kule juu ukaanza kuingia dirishani. Mbele yetu kijana mmoja alikuwa akisukuma chukudu yake tupu kupanda mlima. Baba alimtambua kabla yangu, akapiga honi na kusimama katikati ya mwinuko, jambo ambalo fundi alimkataza kwa kugonga paa.

"Mutoto," Baba alisema, "nikufunge kamba nikuvute?"

Kijana alicheka mpaka akashika magoti. Tulimpakia na chukudu yake, gari likaondoka pale mlimani bila kutetereka, na Baba akaanza kasida. Tulimvumilia mpaka Kibumba.

Kule Mama alichagua kabichi kama kawaida yake, akizibonyeza na kuzikataa, huku Baba akiwaonyesha wakulima injini, boneti wazi, akieleza habari za kutwanga. Nilikaa na Mama juu ya gunia la viazi kwenye ukungu. Nilikuwa na swali tangu jana.

"Mama, sababu gani ulituonyesha? Ungenyamaza, jiko lingekuwa lako leo."

Alikuwa anafunga mdomo wa gunia kwa kamba. "Jiko ningepata," alisema. "Lakini ulimwona papa yako jana? Anatoa mukeka yake mu motokari, hata neno moja hasemi. Mutu akinyamaza vile mu nyumba, utamupikia nini?"

Nilimsaidia kukaza kamba.

Tuliporudi, Baba alisimamisha gari nje ya lango, hakuingia. Aliteremka, akautazama uwanja kwa muda kama mtu anayeuona mara ya kwanza, kisha akamwomba fundi ule mpira wa maji.

"Leta tupime," alisema. "Mama anajenga pale."

"Pale wapi?" Mama aliuliza. "Motokari si imeshinda?"

"Imeshinda," Baba alisema. "Itakaa inje."

Mwezi uliofuata jiko lilisimama mahali gari lilipokuwa. Lina paa la bati, sakafu ya saruji, na mlango mpana ajabu. Mama alipouliza kwa nini jiko lake lina mlango wa kuingiza ng'ombe wawili, Baba alitazama mawingu. Gari linakaa nje kando ya ukuta, chini ya lile turubai la zamani. Betri, kwa kuogopa wezi, Baba analala nayo chumbani. Lile jiwe la mbabula Mama alilibeba mwenyewe akalitupa nje ya lango, kwa sababu sakafu ile ilipimwa kwa maji mara tatu na ndiyo pekee iliyonyooka kwetu, pengine mtaa mzima.

Na kabureta mbili, hata zikipatana namna gani, zinataka kupimwa kila baada ya muda, tena mahali palipo sawa. Juzi niliporudi kutoka kibandani nilimkuta Baba amesimama mlangoni pa jiko, kofia mkononi, mpira wa kusikilizia shingoni, akimwomba Mama atoe sufuria ili aingize gari. Mama hakugeuka. Alimwambia asubiri maharagwe yaive, na Baba akavuta kigoda akasubiri.